Sinia na Tofali

Siku Mwalimu Bagenda alipotuambia kwamba kibanda cha Mkolani kinafungwa, nilikuwa na pamba yenye spiriti mkononi, nasafisha vitufe vya mashine ya Tofali. Niliendelea kusafisha. Obedi ndiye aliyeuliza.

"Sasa sisi tunaelekea wapi, Mwalimu?"

"Mwenye kiwanja anataka kujenga. Nimepata fremu ya duka Kisesa kwa huyu Mzee Chenge, hatua chache kutoka kwenye gulio. Ila ni ndogo. Mtu mmoja anatosha."

Mtu mmoja. Sisi tulikuwa wawili.

Kibanda chetu kilikuwa cha gemu za mkononi. Mtu anakuja, analipia dakika ishirini, anapewa mashine, anakaa kwenye benchi na kucheza mpaka muda wake uishe. Tulikuwa na mashine nne za aina mbili, na wateja walizipa majina wenyewe. Sinia ilikuwa pana, nyeusi, bapa, kioo kitupu kutoka ukingo hadi ukingo, na unacheza kwa kugusa kile kioo. Picha zake ziling'aa mpaka ukaona jasho kwenye shingo ya mchezaji wa mpira. Tofali ilikuwa nene, ya kijivu, kioo chake hakizidi ukubwa wa viberiti viwili vikikaa pamoja, na chini yake vitufe sita vinavyolia ukivibonyeza. Wateja wa Sinia waliwaita wa Tofali washamba. Wateja wa Tofali waliwaita wa Sinia wapangusa vioo. Ubishi wao ulianza tukifungua mlango na haukuwahi kupata mshindi.

Obedi alikuwa mtu wa Sinia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mdomo wake haukujua likizo. Aliweza kutangaza mechi ya mteja mmoja aliyekaa peke yake kwenye benchi mpaka wapita njia wakasimama kuuliza nani anaongoza. Mimi nilikuwa mtu wa chaji, wa usafi na wa bisibisi. Kufungua mashine na kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha nilijifunza kwa kumtazama Nestory, fundi simu wa kibanda cha pili, kupitia dirisha lake. Hakuwahi kunifukuza, na mimi sikuwahi kumuuliza kitu.

Kitu kimoja kilinishinda kabisa, nacho ni kumwambia mtu mzima kwamba muda wake umeisha. Nilikuwa nasimama pembeni yake, naitazama saa ya ukutani, natumaini naye ataitazama. Mwisho Obedi anapiga kelele kutoka ndani: "Kaka, muda umekata! Rudisha chombo!" Na mtu anarudisha huku anacheka.

Kabla ya kibanda nilikuwa nafanya kazi za ndani nyumbani kwa Mwalimu. Siku moja redio ya jikoni ilinyamaza, nikaifungua kwa kisu cha kupakia siagi, ikasema. Mwalimu alinikuta nayo. Mwezi uliofuata akanihamishia kibandani. Mama Rachel, mke wake, hakuufurahia uhamisho huo, na tangu Pasaka alikuwa akisema jikoni kuna pengo. Kwa hiyo nilijua wazi: Obedi akienda Kisesa, mimi narudi kwenye masufuria. Si kwamba walinitesa kule. Ila kwenye masufuria hakuna mtu anayekuuliza unafikiri nini juu ya kitu chochote.

Mwalimu aliketi kwenye benchi la wateja, akavua miwani. Alifundisha hesabu sekondari mpaka alipostaafu, na kila jambo aliliendea kama swali la mtihani.

"Nataka kuongeza mashine kumi," alisema, "za aina moja tu, ili vipuri viwe vya aina moja. Nyinyi mnazijua kuliko mimi. Kila mmoja aniambie ni aina ipi, na kwa nini. Atakayekuwa sahihi ndiye atakayesimamia Kisesa. Obedi, anza."

Obedi alisimama kabisa, kama yuko mkutanoni.

"Mwalimu, hapa hakuna mjadala. Sinia! Kwanza picha. Pili sauti. Tatu gemu zinaongezeka kila leo kutoka mtandaoni, lakini Tofali ina gemu zilezile ilizozaliwa nazo. Nne, mteja akishika Sinia anajiona yuko Ulaya. Akishika Tofali anajiona yuko..." Alinitazama. "Samahani, Selina. Anajiona yuko kwenye ujenzi."

Mzee Chenge, ambaye alikuwa amekuja na funguo za fremu, alicheka mpaka akakohoa.

"Selina?" Mwalimu akasema.

"Tofali," nikasema.

"Kwa nini?"

Sababu nilikuwa nazo. Lakini ile kubwa ilianzia kwenye jambo nililolificha. Kwenye Sinia, ili ufike kwenye gemu, lazima upite kurasa nne za maneno ya Kiingereza. Mimi nilizipita kwa kukariri njia: chini, chini, kulia, gusa ya kijani. Siku moja, baada ya Obedi kuiunganisha na mtandao, maneno yalihama mahali pake, nikamkabidhi mteja mashine iliyofunguka ukurasa wa kupanga saa. Nikasema imeharibika. Nikaiweka kando siku nzima ikiwa nzima. Shangazi aliyeniombea kazi alimwambia Mama Rachel kwamba nimemaliza darasa la saba. Ukweli niliishia la nne, kule Magu, mwaka mama alipoumwa mgongo na mpunga ukawa haujapaliliwa. Kiswahili nasoma, tena vizuri. Kiingereza ni kama kutazama nyavu.

"Inadumu," nikasema.

"Inadumu," Mwalimu akarudia, akingoja. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi. Mimi nikaangalia pamba.

"Mwalimu," Mzee Chenge akaingilia, "unampa binti huyu mtihani wa kusema, na yeye si msemaji. Umempima kwa kipimo cha mwenzake. Sisi Wasukuma tukiwa na ngoma mbili, Wagika na Wagalu, hatuulizi ipi nzuri. Zinachezwa zote wakati mmoja, uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule. Watu wanakwenda wanakovutwa. Filimbi ikilia, mwenye watu wengi ameshinda, tunakwenda nyumbani."

"Hakuna majaji?"

"Majaji ni miguu ya watu. Walete wote wawili gulioni Jumamosi. Meza mbili zitazamane, wacheze watu bure, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Filimbi ninayo."

Mwalimu alifikiri, akaandika kitu. "Ni jaribio," alisema. "Siyo baya."

"Mimi naona nimeshashinda," Obedi akaninong'oneza. "Selina, wewe hata kuku huwezi kumwita akala mtama."

Ilikuwa kweli.

*

Jumamosi gulio la Kisesa lilikuwa limejaa. Mzee Chenge alitupangia meza mbili kwenye uwazi kati ya wauza viatu na wauza vyakula vikavu, hatua kama kumi kutoka moja hadi nyingine. Obedi alikuja na shati jekundu na miwani ya jua. Aliweka Sinia zake mbili juu ya kitambaa cheupe. Mimi niliweka Tofali zangu mbili juu ya meza, nikazisogeza, nikazirudisha pale pale. Mzee Chenge akapuliza filimbi.

"Njooni, njooni, njooni!" Obedi akaanza, hata filimbi haijanyamaza. "Leo Kisesa imepanda ndege! Gusa kioo ufunge goli! Baba mwenye baiskeli, acha baiskeli, haikimbii! Mama, njoo umwonyeshe baba!"

Watu walikwenda. Mimi nilisema "karibuni" mara moja, na nadhani aliyesikia ni mimi tu.

Tatizo la Obedi lilikuwa jua. Saa nane ile, kioo cha Sinia kiligeuka kuwa cha kujitazamia. Mchezaji aliona uso wake badala ya mpira. Obedi akaazima khanga kwa muuza nguo, akawafunika wachezaji vichwa. Sasa kulikuwa na watu wawili wameinama chini ya khanga, na umati umewazunguka, na Obedi akitangaza mechi ambayo hakuna aliyeiona.

"Hawa wanajifukiza?" mama mmoja aliuliza.

"Wanajifukizia ushindi, mama! Anapiga chenga, anapiga chenga, anamwacha beki anatafuta viatu!"

Watu walicheka, wakaongezeka. Saa nane na nusu Mwalimu alipita na daftari lake, akahesabu vichwa. Kwa Obedi ishirini na watatu. Kwangu wanne, na wawili kati yao walikuwa wananiuliza mashine ya kusaga iko wapi. Saa tisa alipita tena. Obedi thelathini na mmoja, mimi watatu. Nilimwona akiandika, na mkono wake ulikuwa wa kawaida tu, kama anayeandika jambo alilolitegemea.

Nyuma ya meza yangu alikuwa ameketi bibi mmoja anayeuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, amevitandaza juu ya gunia. Jina lake Bibi Bernadeta. Kila aliyepita alimwamkia kwa jina. Alikuwa amelalamika tangu mwanzo kwamba tumemkatia wateja. Mwishowe aliinuka, akajipangusa, akaenda kwa Obedi kuona kinachopigiwa kelele.

"Bibi mwenyewe amekuja!" Obedi akashangilia. "Mpisheni! Bibi, leo unafunga goli. Gusa hapa tu, taratibu."

Bibi aliinama chini ya khanga. Akagusa. Hakuna kilichotokea. Akagusa tena. Akapangusa kidole kwenye nguo, akagusa kwa nguvu zaidi, kama anayepima kama chungu kimeiva.

"Taratibu, bibi. Gusa tena. Jaribu kidole kingine." Obedi alijaribu mwenyewe, ikakubali. Bibi akajaribu, ikakataa. "Basi bibi, ni kidole. Kidole chako hakisomeki."

Obedi hakusema kwa ubaya. Lakini watu walicheka, na kicheko cha watu thelathini ni kikubwa. Bibi Bernadeta alitoka chini ya khanga, akarudi kwenye gunia lake, akaketi akitazama vidole vyake.

"Kidole hiki kimechuma pamba miaka hamsini," alisema, siyo kwangu, labda kwa viazi. "Eti hakisomeki."

Nilitazama changu. Nilipokuja kibandani kutoka kwenye masufuria, ngozi ya vidole vyangu ilikuwa imebabuka kwa sabuni na dawa ya kufulia, ikawa ngumu kama ganda. Wiki tatu za mwanzo Sinia ilinikataa hivyohivyo. Nilikuwa namsubiri Obedi atoke, najaribu vidole vyote kumi kimoja kimoja.

Nilichukua Tofali moja, nikaenda nyuma ya meza, nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Jaribu hii. Hii haisomi kidole. Inabonyezwa."

"Nimeshachekwa leo, mayu. Inatosha."

Bibi mzima alikuwa ameniita mama yake, kwa upole, na nikashindwa kuondoka. Nilikaa palepale chini kando ya gunia. Nikawasha gemu ya kuku. Ni gemu ya zamani: kuku anavuka daraja refu lenye mbao zilizooza, na wewe unamrusha kutoka ubao mzima hadi ubao mzima. Haina neno hata moja, ni kuku na daraja. Nikabonyeza, kuku akaruka, kitufe kikalia, ta. Nikabonyeza tena. Nikajifanya simtazami.

"Anakwenda wapi huyo kuku?" Bibi akauliza baada ya muda.

"Ng'ambo."

"Kuna nini ng'ambo?"

"Sijui, bibi. Sijawahi kufika."

"Lete."

Aliishika mashine, kuku akaanguka mtoni palepale. Akaguna. Akaanguka tena. Mara ya tatu alifika ubao wa tano, na akamkaripia kuku kwa sauti ya mtu anayefukuza ng'ombe shambani: "Jaga! Jaga! Nenda we, unatazama nini?" Wauza viatu wakageuka. Mama mmoja akaja kuona ni kuku gani anayekaripiwa hapa na hayupo. Akabaki.

Mimi nilimwonyesha kitufe cha kwenda na kitufe cha kuruka, basi. Lililofuata sikumwonyesha, alilijua mwenyewe. Mbao za lile daraja zimepangwa kwa mapigo: fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi, ndefu. Nimeisafisha mashine hiyo mwaka mzima na kumchezesha huyo kuku kila siku ili kujaribu vitufe, wala sikuwahi kuona. Bibi Bernadeta aliona baada ya kuanguka mara nane. Aliacha kutazama kioo kwa wasiwasi, akaanza kukanyaga chini kwa mguu wa kulia. Ta, ta, taa. Ta, ta, taa.

"Hii ni ngoma ya majembe, ile ya kulimia!" akasema. "Nani kawafundisha hawa?"

Akasimama. Aliwahi kuwa mwimbishaji wa kikundi, waliomjua walianza kuambizana hivyo, mwimbishaji wa Wagika, kabla magoti hayajamsumbua. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, akibonyeza kwa mapigo, na kuku akapita ubao wa kumi, wa ishirini. Vitufe vililia kama vijiti. Wanawake wawili wakapokea wimbo. Muuza nyama akaja na kisu chake bado mkononi, akapiga makofi kwa kiganja juu ya paja. Hakuna aliyekuwa anaona kioo, kilikuwa kidogo mno. Waliuona mguu wa bibi, wakajua kuku yuko salama. Mguu uliposita, wote walisema "Haaa!", na alipoanza upya, wote walianza naye.

Saa tisa na nusu Mwalimu alihesabu ishirini na wanane kwa Obedi, kumi na wawili kwangu. Baada ya hapo sikumwona tena, kwa sababu kulikuwa na migongo ya watu mbele yangu. Tofali ya pili ilikuwa mikononi mwa mwendesha bodaboda ambaye alikuwa amesema atamshinda bibi, na alikuwa anaanguka vibaya.

"Kijana, wewe husikii ngoma," Bibi alimwambia bila kugeuka. "Unaruka kama mdaiwa."

Filimbi ikalia. Saa kumi. Obedi alikuwa amesimama kwenye meza yake na watu tisa, na watano kati yao walikuwa wamemgeuzia mgongo ili watazame kwetu. Kwangu Mwalimu alihesabu arobaini na mmoja, akihesabu mara mbili kwa sababu watu walikuwa wanacheza.

*

Tulikaa ndani ya fremu, bado tupu, yenye harufu ya saruji mbichi. Mwalimu alipiga hesabu kwenye daftari. Nilimtazama akigawanya kwa nne.

"Wastani," alisema hatimaye. "Sinia, watu ishirini na wawili na robo tatu. Tofali, watu kumi na watano. Sinia imeshinda."

"Imeshinda nini?" Mzee Chenge akaruka. "Mwalimu, hiyo robo tatu ya mtu ilisimama wapi? Niliwaambia, filimbi ikilia!"

"Mzee wangu, jaribio linatazama muda wote, siyo dakika ya mwisho."

"Ngoma inatazama dakika ya mwisho! Yule aliyekuja akaondoka amekupa nini? Amekupa mgongo!"

Walibishana namna hiyo, Mhaya na Msukuma, kila mmoja akiwa na heshima zake na hakuna anayesogea. Obedi alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, amevua miwani ya jua, amechoka. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Haya," Mwalimu akasema. "Tunarudi kwenye swali la kwanza. Selina. Sababu moja uliyonipa ilikuwa 'inadumu'. Unayo nyingine?"

Nilitaka kutazama pamba, na sikuwa na pamba.

"Siyo kweli kwamba inadumu, Mwalimu," nikasema.

Wote walinitazama.

"Tundu la chaji la Tofali linalegea. Zote mbili nimeziunga kwa risasi, moja nimeiunga mara mbili. Ukinunua kumi, nitakuwa naunga kila mwezi. Na picha ya Sinia ni nzuri zaidi, hiyo Obedi amesema kweli. Sauti pia."

"Sasa binti, unajitetea au unajishtaki?" Mzee Chenge akauliza.

Ilibidi niseme yote kwa pamoja, kama mtu anayeingia ziwani asubuhi. "Sinia inataka kidole laini. Huku wengi wanalima. Bibi Bernadeta alikataliwa mbele ya watu, na mimi mwenyewe ilinikataa nilipotoka kwako kufua, ila sikusema. Halafu Sinia inataka kusoma. Kurasa nne za Kiingereza kabla hujafika kwenye gemu. Mimi siwezi kuzisoma. Nazikariri. Ile siku nilisema Sinia imeharibika, haikuharibika, maneno yalihama. Shangazi alisema nimemaliza la saba. Niliishia la nne, Mwalimu. Nisamehe. Lakini kuku anavuka daraja, huyo hata mtu ambaye hajawahi kukaa darasani anamwelewa, na watu wa namna hiyo gulioni ni wengi. Wakija kwenye Sinia watamhitaji Obedi awafungulie kila mara. Wakija kwenye Tofali hawatamhitaji mtu."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo, wala kwa mama.

Mwalimu aliifunika kalamu yake. Alikuwa mtu aliyefundisha miaka thelathini na tano, na nilijua nimemdanganya kuhusu jambo la pekee analoliheshimu. Nilianza kufikiria jiko la Mama Rachel, sufuria ipi inaungua upande gani.

"La nne," alisema. "Na kuunga waya ulifundishwa na nani?"

"Nilimtazama Nestory dirishani."

Ndipo Obedi, kwa sauti ile iliyokauka, akasema, "Mwalimu, kwa kuwa leo ni siku ya kutubu, na mimi niseme. Sinia inachemka. Ikichezwa saa moja mfululizo inakuwa ya moto kama chapati. Huwa naificha kwenye droo ipoe, naweka nyingine. Na wale watu ishirini na wawili na robo tatu hawakuja kwa Sinia. Hawakuona hata picha. Walikuja kwa huu mdomo."

"Ambao ukienda Kisesa unakwenda nao," Mwalimu akasema.

"Unakwenda nao. Lakini siku nikiumwa, kibanda kimefungwa." Akanigeukia. "Wewe ungesema mapema kwamba husomi Kiingereza. Ningekuandikia kwenye karatasi. Unafikiri mimi ninavyosema 'ofusaidi' najua maana yake?"

Mwalimu alinyoosha mkono. Nilifikiri anataka daftari. "Hiyo," alisema, akionyesha Tofali. Nikamwashia kuku. Akavaa miwani vizuri, akainama, akabonyeza kwa uangalifu mkubwa. Kuku akaanguka ubao wa kwanza. Akajaribu tena. Ubao wa kwanza. Mara ya nne alifika wa tatu, na bila kuinua uso akasema:

"Kumi za aina hii. Na risasi ya kuungia, uniandikie ni ya namna gani."

Mzee Chenge alipuliza filimbi ndani ya fremu tupu mpaka masikio yakauma.

*

Obedi sasa anaendesha bodaboda ya kaka yake kati ya Kisesa na mjini. Siku za gulio anapitia kwangu, anaegesha pikipiki, anatangaza mashindano kwa nusu saa bila malipo, anaondoka na abiria. Mwalimu alimwachia Sinia moja. Anasema bado ndiyo bora na atabisha hadi kufa. Nyingine iko kwangu kwenye rafu, kwa wenye vidole laini, na pembeni yake nimebandika karatasi ya Obedi yenye njia yote kwa Kiswahili. Mwalimu huja mwisho wa mwezi na kitabu cha Kiingereza cha darasa la tano. Ananiachia zoezi bila kusema kitu, na akirudi analisahihisha kwa kalamu nyekundu, bila kusema kitu vilevile. Halafu anaomba kuku.

Jumamosi iliyopita Bibi Bernadeta alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani, akakiweka mlangoni kabisa. Alilipia dakika ishirini. Alifika mbali kuliko siku zote, mahali ambapo mbao zinakuwa nyekundu, na watu wakajaa mlangoni wakimpigia makofi. Wengine walikuwa wanasubiri zamu. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na mbili. Nikasimama pembeni yake, nikaitazama saa tena, nikatumaini. Obedi hakuwepo.

"Bibi," nikasema. "Muda umeisha."

"Eti?" Mguu wake haukuacha kukanyaga. "Sikusikii. Sema kwa sauti."

"Bibi, muda umeisha! Kuna watu wanasubiri."

Kuku akaanguka. Watu wote wakasema "Haaa!" Bibi Bernadeta aliinua uso, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniwekea Tofali mkononi, bado ina joto la vidole vyake.

"Kumbe unayo sauti," alisema, akavuta kigoda kando, akakaa mwisho wa foleni.